Vipokezi vya kinga vya samaki

Vipokezi vya kinga vya samaki ni protini zinazotambua vijidudu vinavyoingia katika mwili wa samaki na kuamsha ulinzi dhidi yavyo. Protini hizo hupatikana juu ya utando wa seli, ndani ya seli, au katika damu na ute. Kila kipokezi kina umbo linaloweza kushikana na kitu fulani ambacho bakteria au virusi wanacho lakini mwili wa samaki hauna, kwa mfano protini ya mjeledi wa bakteria au kipande cha ukuta wa seli yake. Kikishashikana na kitu hicho, kipokezi hupeleka ishara ndani ya seli, na seli huanza kutengeneza kemikali za kuua vijidudu na za kuita seli nyingine za ulinzi.

Vipokezi vinavyojulikana zaidi ni vile vya jamii ya Toll, ambavyo kwa kifupi huitwa TLR. Vinafanana sana na vile vya binadamu, lakini samaki wana aina kadhaa ambazo binadamu hana. Kuvijua vipokezi hivi ni muhimu kwa ufugaji wa samaki, kwa sababu magonjwa ya bakteria huua samaki wengi mabwawani na katika vizimba, na dawa za antibiotiki zinazotumika kuyatibu huleta matatizo mengine.

Samaki na bakteria majini

Samaki huishi ndani ya maji yenye bakteria wengi wakati wote. Tone moja la maji ya ziwa au bahari huwa na maelfu mengi ya bakteria. Wengi wao hawana madhara, na wengine hufaidi samaki kwa kusaidia kumeng'enya chakula tumboni. Hata hivyo wachache husababisha magonjwa, hasa samaki anapokuwa amejeruhiwa, amesongamana na wenzake au amekosa oksijeni ya kutosha.

Kinga ya kwanza ya samaki ni ngozi, magamba na ute unaofunika mwili mzima. Ute hunasa bakteria na kuwaondoa unapotiririka, na ndani yake mna vimeng'enya kama lisozimu vinavyovunja ukuta wa bakteria. Sehemu zilizo dhaifu zaidi ni matamvua na utumbo. Matamvua yana ngozi nyembamba sana ili oksijeni ipite kuingia katika damu, na kwa sababu hiyo bakteria pia hupata nafasi ya kupenya. Jeraha dogo linalotokana na wavu, na vilevile gamba lililong'oka, ni mlango mwingine.

Bakteria akishavuka kizuizi hicho, mwili unapaswa kujua haraka kwamba mgeni ameingia. Kazi hiyo ya kumtambua mgeni ndiyo inayofanywa na vipokezi.

Kinga ya kuzaliwa nayo na kinga ya kujifunza

Kama wanyama wengine wenye uti wa mgongo, samaki wana kinga za aina mbili. Ya kwanza ni kinga ya kuzaliwa nayo. Hiyo iko tayari tangu mwanzo wa maisha, hufanya kazi ndani ya dakika au saa chache, na hutumia vipokezi ambavyo jeni zake hurithiwa bila kubadilika. Ya pili ni kinga ya kujifunza. Hiyo hutumia seli za limfu zinazotengeneza antibodi kwa ajili ya adui mmoja maalumu, na huweza kumkumbuka adui huyo akirudi tena.

Samaki hawana uboho wa mifupa unaozalisha damu wala vifundo vya limfu kama vya mamalia. Seli zao za damu na za kinga huzalishwa hasa katika sehemu ya mbele ya figo. Viungo vingine vya kinga ni tezi ya thimasi na bandama.

Kinga ya kujifunza ya samaki ni ya polepole kuliko ya mamalia. Antibodi yao kuu ni IgM, na samaki wengi wenye mifupa wana pia IgD na IgT. Aina ya IgT iligunduliwa mwaka 2005, na hufanya kazi hasa katika utumbo, matamvua na ngozi. Kwa kuwa joto la mwili wa samaki hufuata joto la maji, katika maji baridi antibodi za kutosha huweza kuchelewa kwa wiki nyingi. Katika muda huo bakteria anaweza kuzaana mara nyingi sana na kumuua samaki. Kwa sababu hiyo samaki hutegemea mno kinga ya kuzaliwa nayo na vipokezi vyake.

Historia ya ugunduzi

Mwaka 1882 mwanabiolojia Ilya Mechnikov, akiwa mjini Messina nchini Italia, aliona seli za buu wa kiti cha pweza zikikusanyika kuuzunguka mwiba aliouchoma mwilini mwake. Kutokana na jaribio hilo alieleza kwamba wanyama wana seli zinazomeza wavamizi. Lakini kwa muda mrefu haikujulikana seli hizo zinamtambuaje mvamizi.

Mwaka 1989 mwanasayansi Mmarekani Charles Janeway alipendekeza kwamba seli za kinga lazima ziwe na vipokezi vinavyotambua maumbo ya kudumu ya vijidudu, yaani vitu ambavyo kijidudu hawezi kuviacha kwa urahisi kwa sababu anavihitaji ili aishi. Wakati huo hakuna kipokezi cha namna hiyo kilichokuwa kimethibitishwa.

Jibu lilianzia kwa nzi wa matunda. Jeni iitwayo Toll ilikuwa imejulikana kutokana na utafiti wa Christiane Nüsslein-Volhard na wenzake kuhusu namna kiinitete cha nzi kinavyojengeka. Mwaka 1996 kundi la Jules Hoffmann mjini Strasbourg, Ufaransa, lilionyesha kwamba nzi wasio na jeni hiyo hufa kwa maambukizi ya kuvu. Mwaka 1997 Ruslan Medzhitov na Janeway walieleza kipokezi cha binadamu kinachofanana na Toll, na mwaka 1998 Bruce Beutler alionyesha kwamba kipokezi TLR4 cha panya ndicho kinachohisi sumu ya ukuta wa bakteria. Hoffmann na Beutler walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2011, pamoja na Ralph Steinman.

Utafiti kwa samaki ulifuata mara tu jenomu zao zilipoanza kusomwa. Jenomu ya bunju iitwayo fugu ilichapishwa mwaka 2002, na ndani yake watafiti wa Japani walitambua jeni nyingi za jamii ya Toll. Jumla ya aina za TLR zilizotambuliwa katika spishi mbalimbali za samaki ni takriban 20, ilhali binadamu ana 10. Hakuna samaki mmoja mwenye aina zote. Kila spishi ina mkusanyiko wake.

Muundo na namna ya kufanya kazi

Kipokezi cha jamii ya Toll kina sehemu tatu. Sehemu ya nje imepinda kama kiatu cha farasi, na imejengwa kwa vipande vingi vinavyofanana vyenye asidi amino iitwayo lusini. Sehemu hiyo ndiyo inayomgusa bakteria. Sehemu ya kati ni fupi na hupita katika utando. Sehemu ya ndani huitwa TIR, nayo hupeleka ishara.

Kipokezi kimoja peke yake hakitoshi. Kitu cha bakteria kinapofika, vipokezi viwili husogeleana na kuungana. Muungano huo huzileta pamoja sehemu za TIR, nazo huivuta protini iliyo ndani ya seli iitwayo MyD88. Kuanzia hapo protini moja huiamsha nyingine kwa mfuatano, mpaka protini iitwayo NF-κB inapofunguliwa na kuingia katika kiini cha seli. Humo huwasha jeni ambazo zilikuwa zimezimwa.

Jeni hizo hutengeneza protini za ujumbe zinazoitwa sitokini, kama vile interlukini-1β na TNF-α. Ujumbe huo hutanua mishipa midogo ya damu, huwaita neutrofili na makrofaji mahali pa maambukizi, na huliambia ini litengeneze protini zaidi za ulinzi. Ndiyo maana sehemu ya ngozi ya samaki iliyoambukizwa huwa nyekundu na kuvimba.

Njia hii ya MyD88 na NF-κB ni karibu ileile kwa samaki na binadamu. Mababu wa makundi hayo mawili walitengana zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, kwa hiyo mfumo huu ni wa kale sana.

TLR5 na mjeledi wa bakteria

Mfano ulio wazi zaidi wa kipokezi cha kinga kwa samaki ni TLR5. Bakteria wengi wanaosababisha magonjwa ya samaki huogelea kwa kutumia mjeledi, yaani uzi mrefu unaozunguka kama rafadha ya boti. Uzi huo umejengwa kwa maelfu ya nakala za protini moja iitwayo flajelini. TLR5 hutambua sehemu ya flajelini ambayo inahitajika ili nakala hizo zishikane. Bakteria akiibadilisha sehemu hiyo ovyo, mjeledi wake hauwezi kujengeka vizuri.

Mwaka 2004 watafiti wa Japani walieleza kwamba samaki aina ya trauti wa upinde wa mvua (Oncorhynchus mykiss) ana TLR5 za namna mbili. Ya kwanza, TLR5M, imeshikizwa katika utando wa seli kama ile ya binadamu, na hupatikana katika viungo vingi. Ya pili, TLR5S, haina sehemu ya kupita katika utando wala sehemu ya ndani, hivyo huelea katika majimaji ya mwili. Hiyo hutengenezwa hasa katika ini.

Namna hizo mbili hushirikiana. Flajelini inapofika, TLR5M huamsha seli, na mojawapo ya matokeo yake ni ini kuanza kutoa TLR5S kwa wingi. TLR5S hushikana na flajelini iliyomo katika damu na kuongeza nguvu ya ishara. Kwa njia hiyo dalili ndogo ya bakteria hugeuka kuwa tahadhari ya mwili mzima. Namna hii ya TLR5 inayoelea haipatikani kwa binadamu.

Kwa samaki-pundamilia (Danio rerio), jeni ya TLR5 imejirudia ikawa jeni mbili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba protini za jeni hizo mbili lazima ziungane pamoja ili kuitambua flajelini. Moja peke yake haifanyi kazi.

Vipokezi vingine vya jamii ya Toll

TLR2 hutambua protini zenye mafuta zilizoshikamana na ukuta wa bakteria. Ina umuhimu wa pekee dhidi ya bakteria wasio na mjeledi, kama vile streptokoka.

TLR9 na TLR21 hutambua DNA ya bakteria. Katika DNA ya bakteria mpangilio wa herufi C ikifuatwa na G hutokea mara nyingi bila alama za kemikali zinazowekwa na seli za wanyama, na vipokezi hivyo hushika tofauti hiyo. Vyenyewe haviko juu ya seli, bali ndani ya vifuko ambamo bakteria waliomezwa huvunjwavunjwa. Binadamu ana TLR9 lakini hana TLR21, ambayo hupatikana kwa samaki na ndege.

TLR22 hupatikana kwa samaki wengi na haipo kwa binadamu. Katika utafiti wa fugu ilionekana kutambua RNA ndefu zenye nyuzi mbili, ambazo ni dalili ya virusi.

TLR4 ni kisa cha pekee. Kwa binadamu na panya, kipokezi hiki huhisi lipopolisakaridi, yaani sumu iliyomo katika ukuta wa bakteria kama Salmonela. Kiasi kidogo sana cha sumu hiyo katika damu kinaweza kumletea binadamu mshtuko wa hatari na kifo. Samaki huvumilia kiasi kikubwa zaidi bila kufa. Spishi nyingi za samaki hazina kabisa jeni ya TLR4. Samaki-pundamilia anayo, lakini majaribio ya mwaka 2009 yalionyesha kwamba TLR4 yake haiitambui sumu hiyo kama ile ya mamalia. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mnyama anayeishi ndani ya maji yaliyojaa bakteria angepata hasara kama mwili wake ungeshtuka kila unapokutana na vipande vya kuta zao.

Vipokezi visivyo vya jamii ya Toll

Baadhi ya bakteria huingia ndani ya seli na kuvikwepa vipokezi vya nje. Kwa ajili yao kuna vipokezi vya ndani ya seli viitwavyo NLR. Miongoni mwake ni NOD1 na NOD2, ambavyo hutambua vipande vya peptidoglikani, yaani nyavu ya sukari na asidi amino inayoupa ukuta wa bakteria uimara. Samaki wana pia kundi la NLR ambalo mamalia hawana. Katika jenomu ya samaki-pundamilia kundi hilo lina mamia ya jeni.

Kundi lingine ni protini za kutambua peptidoglikani, kwa kifupi PGRP. Protini hizi ni kipokezi na silaha kwa pamoja, kwa kuwa zikishaishika peptidoglikani huikata na kumuua bakteria. Utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba mayai na viinitete vya samaki-pundamilia vina protini hizi, na kwamba zikipunguzwa viinitete hufa kwa urahisi vinapoambukizwa. Kwa kuwa mayai ya samaki huachwa majini bila ulinzi wa mama, silaha hiyo ya kuanzia ina maana kubwa.

Katika damu na ute kuna lektini, ambazo ni protini zinazoshika sukari zilizo juu ya bakteria. Lektini huwagandisha bakteria pamoja na kuwatia alama ili wamezwe. Pia huamsha mfumo wa komplimenti, yaani kundi la protini za damu zinazoweza kutoboa utando wa bakteria.

Mfuatano wa mapambano

Mfano wa samaki aliyekwaruzwa na wavu huonyesha jinsi vipokezi hivi vinavyofanya kazi kwa pamoja. Bakteria aina ya Aeromonas hydrophila, anayepatikana kwa kawaida katika maji yasiyo na chumvi, huingia kupitia mkwaruzo huo.

Kwanza, lektini na komplimenti zilizomo katika ute na damu huwashika baadhi ya bakteria na kuwaua. Pili, seli za ngozi na makrofaji walio karibu huhisi flajelini kwa TLR5 na kutoa sitokini. Tatu, neutrofili hufika kwa njia ya damu, huwameza bakteria na kuwaua kwa kemikali kali za oksijeni. Nne, bakteria waliomezwa huvunjika, na DNA yao huamsha TLR9 na TLR21 ndani ya seli, hivyo ishara huongezeka. Tano, seli zilizomeza bakteria hupeleka vipande vyake kwa seli za limfu, na kinga ya kujifunza huanza.

Hatua ya tano huonyesha kwamba kinga hizo mbili hazitengani. Bila ishara ya vipokezi vya kuzaliwa navyo, seli za limfu hupata vipande vya bakteria lakini hazipati agizo la kuvishambulia.

Mapambano hayo yana gharama. Sitokini zikitolewa kwa wingi kupita kiasi, kemikali za kuua bakteria huharibu pia tishu za samaki mwenyewe. Kwa sababu hiyo seli zina protini za kuizima ishara baada ya muda.

Jinsi bakteria wanavyokwepa

Bakteria nao wana mbinu za kujificha. Streptococcus agalactiae, anayewasumbua sana sato wanaofugwa, hana mjeledi, kwa hiyo TLR5 haimwoni. Zaidi ya hayo hujifunika kwa koti la sukari zenye asidi ya siali, ambayo hupatikana pia juu ya seli za wanyama. Koti hilo humfanya afanane na seli za mwili wenyewe.

Edwardsiella ictaluri, anayeua kambale wa Marekani, huweza kuishi ndani ya makrofaji waliommeza. Mikobakteria nao huweza kuishi katika makrofaji kwa muda mrefu.

Mfano mwingine ni Yersinia ruckeri, anayesababisha ugonjwa wa mdomo mwekundu kwa trauti. Chanjo dhidi yake iliruhusiwa nchini Marekani mwaka 1976, na ilikuwa chanjo ya kwanza ya samaki kuruhusiwa kuuzwa huko. Baadaye, Ulaya na Marekani, kulitokea bakteria wa spishi hiyohiyo wasio na mjeledi, ambao waliweza kuwaambukiza hata samaki waliochanjwa. Kisa hicho huonyesha kwamba bakteria anaweza kuacha kiungo kinachomfichua endapo bado anaweza kuishi bila hicho.

Samaki wa kodi wa Atlantiki

Mwaka 2011 jenomu ya samaki wa kodi wa Atlantiki (Gadus morhua) ilichapishwa na watafiti walioongozwa kutoka Norwe. Matokeo yake yalishangaza. Samaki huyo amepoteza jeni za MHC za daraja la pili pamoja na CD4. Kwa wanyama wengine wenye uti wa mgongo, protini hizo huhitajika ili seli za limfu zionyeshwe vipande vya bakteria na kusaidia kutengeneza antibodi.

Mnyama aliyepoteza sehemu kubwa kama hiyo ya kinga ya kujifunza angetarajiwa kufa kwa magonjwa. Lakini samaki wa kodi huishi vizuri baharini. Jenomu yake ilionyesha kwamba ana nakala nyingi za jeni za MHC za daraja la kwanza, na kwamba baadhi ya vipokezi vyake vya jamii ya Toll vimeongezeka idadi. Ilionekana hivyo kwamba spishi moja inaweza kufuata njia tofauti ya kujilinda kwa kutegemea zaidi sehemu nyingine za kinga.

Athari ya joto la maji

Samaki hawezi kupandisha joto la mwili wake kutoka ndani kama afanyavyo binadamu mwenye homa. Lakini samaki walioambukizwa, wakipewa nafasi ya kuchagua, mara nyingi huogelea kwenda kwenye maji ya uvuguvugu zaidi. Tabia hiyo huitwa homa ya kitabia, na husaidia jeni za kinga kufanya kazi kwa kasi.

Katika bwawa dogo au kizimba, samaki hana pa kwenda. Maji yakiwa baridi kuliko anavyozoea, kinga yake hupungua kasi. Yakiwa ya moto kupita kiasi, oksijeni hupungua, samaki hudhoofika na bakteria huzaana haraka. Milipuko ya streptokoka kwa sato hutokea hasa wakati maji yana joto kali. Msongamano, maji machafu na kushikwashikwa humfanya samaki atoe homoni ya kotisoli, ambayo ikidumu kwa muda mrefu hupunguza nguvu ya seli za kinga.

Umuhimu katika ufugaji wa samaki

Kwa miaka mingi wafugaji katika nchi mbalimbali walipambana na magonjwa ya bakteria kwa kuchanganya antibiotiki katika chakula cha samaki. Njia hiyo huacha dawa majini na huwapa bakteria nafasi ya kuwa sugu, na usugu huo unaweza kuhamia kwa bakteria wanaoambukiza binadamu.

Norwe ni mfano wa nchi iliyobadilisha njia. Mwaka 1987 wafugaji wa samoni nchini humo walitumia karibu tani 50 za antibiotiki. Baada ya chanjo za sindano zenye mafuta kuenea katika miaka ya 1990, matumizi yalishuka kwa zaidi ya asilimia 95, ingawa uzalishaji wa samoni uliongezeka mara nyingi na kuzidi tani milioni moja kwa mwaka.

Chanjo hufanya kazi kwa kupitia vipokezi. Bakteria waliouawa waliomo katika chanjo bado wana flajelini, DNA na vipande vya ukuta, na vitu hivyo huamsha TLR na NLR kana kwamba maambukizi ni ya kweli. Watafiti wamejaribu kuongeza flajelini au vipande vya DNA vyenye mpangilio wa CG katika chanjo za samaki ili kuzipa nguvu zaidi. Muda unaohitajika ili chanjo ifanye kazi huhesabiwa kwa kuzidisha idadi ya siku kwa nyuzi za joto la maji: siku 40 katika maji ya nyuzi 10 huhesabiwa sawa na siku 20 katika maji ya nyuzi 20.

Wafugaji wengine huchanganya katika chakula sukari za ukuta wa hamira ziitwazo beta-glukani. Sukari hizo huamsha makrofaji na neutrofili bila kuwapo kwa ugonjwa. Hazimfundishi samaki kumkumbuka bakteria fulani, bali huinua utayari wa jumla kwa muda.

Afrika ya Mashariki

Katika Ziwa Viktoria ufugaji wa sato (Oreochromis niloticus) ndani ya vizimba umekua haraka katika Kenya, Uganda na Tanzania. Vizimba huwaweka samaki wengi katika nafasi ndogo, na maji hupita huru kati ya samaki wa kufugwa na wale wa ziwani. Ugonjwa ukianza katika kizimba kimoja, unaweza kufika katika vingine vilivyo karibu.

Dalili za streptokoka kwa sato ni macho kutokeza nje, kuogelea kwa kuzungukazunguka, tumbo kuvimba na damu kuonekana chini ya ngozi. Kuogelea huko kwa mzunguko hutokea kwa sababu bakteria hufika hadi kwenye ubongo. Chanjo dhidi yake zipo katika baadhi ya nchi, lakini kwa kawaida kila samaki hudungwa sindano peke yake. Kazi hiyo ni ghali kwa mfugaji mdogo, kwa hiyo watafiti wanatafuta chanjo za kuogesha samaki au za kulishwa, pamoja na kuchagua wazazi wenye kinga imara.

Uchaguzi wa namna hiyo umerahisishwa na kusomwa kwa jenomu. Mwaka 2014 zilichapishwa pamoja jenomu za samaki watano wa Afrika wa familia ya Cichlidae. Mmoja wao ni sato, na mwingine ni Pundamilia nyererei wa Ziwa Viktoria, aliyepewa jina la Julius Nyerere. Kwa kulinganisha jenomu za aina hii, jeni za vipokezi vya kinga zinaweza kutambuliwa na kufuatiliwa katika koo mbalimbali za samaki.

Afya ya binadamu

Aina fulani za bakteria wa samaki huweza kumdhuru binadamu. Mwaka 2015 watu wengi nchini Singapuri waliugua kutokana na Streptococcus agalactiae baada ya kula samaki wabichi wa maji yasiyo na chumvi. Samaki waliopikwa vizuri hawana hatari hiyo, kwa sababu joto huwaua bakteria hao.

Samaki-pundamilia wamekuwa pia chombo cha kuchunguza magonjwa ya binadamu. Viinitete vyao ni angavu, hivyo mtafiti anaweza kuona kwa hadubini makrofaji aliye hai akimfuata na kummeza bakteria. Katika wiki za kwanza za maisha samaki hao hutegemea kinga ya kuzaliwa nayo peke yake, kwa kuwa kinga ya kujifunza haijakomaa, na hilo huwezesha kazi ya vipokezi kuchunguzwa bila kuchanganywa na kazi ya antibodi. Bakteria Mycobacterium marinum, ambaye ni ndugu wa karibu wa bakteria wa kifua kikuu, huwaambukiza samaki hao. Kwa njia hiyo watafiti wamejifunza namna makrofaji wanavyokusanyika kuwazunguka bakteria hao, jambo linalotokea pia katika mapafu ya mgonjwa wa kifua kikuu.